Pointi tatu kabla ya kucheza: nilivyofuatilia AFCON kwa lahajedwali

Mimi si mtu wa mpira kihivyo. Kazi yangu ni kutunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga: saruji iliyoingia, bati zilizotoka, fundi gani kachukua misumari akasema nalipa Ijumaa na hajaonekana. Yote hayo yako kwenye lahajedwali, ambayo dukani tunaiita Excel tu hata pale tunapotumia ile ya bure ya mtandaoni. Januari 2024 Taifa Stars walipokwenda Kodivaa kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, mara yao ya tatu baada ya 1980 na 2019, mume wangu alibandika ratiba ya gazeti ukutani akaanza kuijaza kwa kalamu. Siku ya tatu ilishajaa mifuto mpaka mwenyewe haisomi. Nikamwambia, hiyo niachie mimi.

Nilianza kivivu, nikapakua kiolezo cha bure. Kilikuwa cha Kombe la Dunia la timu 32: makundi manane, wawili wa juu wanapita, basi. AFCON ina timu 24 na makundi sita, na washindi wa tatu wanne bora nao wanapita. Nilipofuta makundi mawili ya ziada, nusu ya faili ikajaa alama ya kosa, #REF!, mpaka chini. Nikalitupa. Jioni mbili, chai ya rangi na maandazi, nikajenga la kwangu kuanzia mwanzo: karatasi moja yenye mechi zote 36 za makundi, nyingine yenye majedwali sita, na ya tatu, ya kuwapanga hao washindi wa tatu wa makundi, niliyoiita Watatu Bora. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonipa umaarufu mtaani, nitaieleza.

Kichekesho cha kwanza kilikuja Stars hawajashuka hata uwanjani. Fomula yangu ilisema: magoli yako yakizidi, 3, yakilingana, 1, vinginevyo 0. Nikafungua Kundi F nikakuta Tanzania ina pointi tatu. Morocco nayo tatu, Zambia tatu, kila mtu tatu. Seli tupu na seli tupu zinalingana, kwa hiyo mashine ilishahesabu sare tatu kwa kila timu. Mume wangu akaniomba niache hivyo hivyo. Dawa yake ni kuanza fomula kwa sharti: kama seli ya magoli iko wazi, usiandike chochote. Atakayejenga faili la namna hii aanzie hapo.

Kosa la pili lilinichukua muda zaidi kulielewa. Niliandika matokeo kwenye seli moja, kama yanavyoandikwa gazetini. DR Kongo na Zambia walipotoka 1-1, seli ikageuka kuwa 1 Januari. Mashine ilidhani naiandikia tarehe. Ile 3-0 tuliyofungwa na Morocco usiku huohuo haikuigusa, maana hakuna mwezi wa sifuri. Hiyo ndiyo ningeshukuru kama ingegeuzwa. Tangu hapo magoli ya kila timu yana seli yake.

Saa nazo. Ratiba ilikuja kwa saa za GMT, ambazo ndizo za Kodivaa: 14:00, 17:00, 20:00. Kuongeza tatu ili upate saa za huku ni rahisi, lakini nani nyumbani kwangu anasema saa ishirini na tatu? Mama mkwe aliniuliza mpira ni saa ngapi, nikamsomea kilichoandikwa, akaniangalia tu. Nikakaa chini nikagundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: ukitoka GMT, huongezi tatu, unatoa tatu, kisha ikizidi kumi na mbili unaondoa kumi na mbili. Saa 20:00 inakuwa 17, inakuwa saa tano usiku. Saa 14:00 inakuwa saa kumi na moja jioni. Kwenye lahajedwali siku nzima ni 1 na nusu siku ni 0.5, kwa hiyo fomula ni fupi: =MOD(B2-3/24,0.5). Kati ya yote niliyoandika humo, hii ndiyo ninayojivunia, na haihusu mpira hata kidogo. Mama mkwe sasa anasoma mwenyewe.

Kupanga msimamo nilitumia ujanja wa dukani. Badala ya kulinganisha pointi, halafu tofauti ya magoli, halafu magoli ya kufunga, unavikusanya kuwa namba moja: pointi mara 10,000, jumlisha tofauti mara 100, jumlisha magoli ya kufunga. Namba kubwa inakaa juu. Kundi C, Kameruni na Guinea walimaliza na pointi 4 kila mmoja. Walitoka 1-1 wao kwa wao, na wote walikuwa na hasi moja. Kwenye faili langu Kameruni ilipata 39,905 na Guinea 39,902. Hayo magoli matano dhidi ya mawili yaliipa Kameruni nafasi ya pili. Kwa macho ungehangaika, kwa namba hiyo unaona mara moja.

Ila nikiri: kanuni za AFCON zinatazama kwanza timu zilizolingana zilipokutana zenyewe, na namba yangu hailijui hilo. Kwenye mashindano yale nilipona kwa bahati. Karibu kila timu mbili zilizolingana pointi zilikuwa zimetoka sare kati yao. Afrika Kusini na Namibia tu ndio hawakutoka sare, na pale Afrika Kusini ilishinda 4-0, kwa hiyo njia zote mbili zilitoa jibu moja. Ukitaka usalama inabidi ujenge jedwali dogo la waliolingana. Mimi sikujenga.

Sasa usiku wa tarehe 24 Januari. Mechi mbili za mwisho za kundi letu zilianza saa tano kamili usiku, sisi na Kongo kule Korhogo, Zambia na Morocco kule San Pedro. Mume wangu akanikokota mpaka kibanda umiza, eti wenzake wamechoka kubishana. Nikakaa benchi la nyuma na simu yangu, faili wazi. Vijana wakaanza: "Shikamoo mama, sare inatuvusha?" Haiwavushi. Tulikuwa na pointi moja, ile ya sare na Zambia, siku Msuva wetu alipofunga mapema na Daka wao akaja kurudisha dakika ya 88. Sare nyingine ingetufikisha mbili. "Shemeji, na tukipata kamoja?" Mapumziko yalifika Ziyech akiwa ameshaifungia Morocco. Nikanakili karatasi, nikaiita Majaribio, nikaandika Tanzania 1, Kongo 0. Stars wakaruka hadi nafasi ya pili, pointi nne. Simu ikapita mkono kwa mkono kibanda kizima, watu wanashangilia namba niliyoiandika mwenyewe.

Goli lenyewe halikuja. Ikaisha 0-0, tukamaliza wa mwisho. Watu walipoanza kutoka nikafungua Watatu Bora, na hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kinaendelea chini kwa chini. Wenyeji Kodivaa walikuwa wamepigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta siku mbili kabla, wana pointi 3 na hasi tatu, wanasubiri huruma ya watu. Zambia ingetoa sare tu na Morocco, ingekuwa na pointi 3 bila hasi yoyote, na wenyeji wangeaga kwenye mashindano yao wenyewe. Namba yao ilikuwa 29,702, nyuma ya Guinea, Namibia na Mauritania, mbele ya Ghana 19,905 na Zambia 19,902. Wa nne kati ya wanne wanaopita. Niliwaambia waliobaki kibandani, "Hawa wamepita kwa goli la Ziyech," mmoja akasema watatolewa mechi inayofuata. Siku kumi na nane baadaye, Februari 11, waliifunga Nigeria 2-1 kwenye fainali. Programu za simu zinazokuletea matokeo zilinipa habari hiyohiyo, sikatai, lakini zinakuonyesha msimamo ulivyo. Haziniruhusu kuuliza ungekuwaje.

Kuna mambo faili halina pa kuyaweka. Baada ya mechi ya kwanza kocha wetu Adel Amrouche alifungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, mechi nane kwa maneno aliyosema kuhusu Morocco, na aliyeshika timu ni Hemed Suleiman, ambaye jina lake la utani ni Morocco. Niliiandika kama maoni pembeni ya seli, kila nikiigusa inatokea, nacheka.

Upande wa simu sina sifa nyingi. Seli ni ndogo kwa kidole changu, na mara mbili niligusa fomula nikaandika namba juu yake bila kujua. Bando haliliwi sana, faili ni jepesi, ila ukisahau kuliwezesha kufunguka bila mtandao utaaibika mbele za watu kama nilivyoaibika siku ya fainali. Kushirikisha wengine ndiko kulikonitoa jasho. Nilimpa shemeji yangu wa Muheza ruhusa ya kuhariri, akapanga safu ya pointi peke yake kuanzia kubwa kwenda ndogo bila kuchukua safu ya majina. Gambia, iliyofungwa mechi zake zote tatu, ikaongoza Kundi C. Nilirudisha faili kwa historia ya mabadiliko, jambo ambalo nalisifu bila kusita, kisha nikawapa watu wote ruhusa ya kutazama tu. Shemeji alinuna wiki nzima.

Hatua ya mtoano nilijaza kwa mkono. Kanuni ina jedwali la mchanganyiko 15, kutegemea washindi wa tatu wametoka makundi gani, na mistari 15 mtu anaweza kuiandika, ila usingizi ulikuwa umenishinda. Kombe la Dunia la timu 48 lina makundi 12 na watatu bora wanane, mchanganyiko 495. Hilo naliachia wenye nguvu.

Agosti 2025 CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipokuja kwetu, Kenya na Uganda, nilidhani nitabadilisha majina tu. Timu zilikuwa 19: makundi matatu ya timu tano na moja la timu nne. Faili langu lilijua wanne tu. Kwenye Kundi A timu niliyoiandika ya mwisho ni Zambia, kwa hiyo Kenya ilipoifunga 1-0 pointi zikaingia kwa Kenya, lakini aliyefungwa hayupo popote. Ilibidi nipanue kila fomula, jioni nzima nyingine. AFCON ya 2027 pia itachezwa nchi zetu hizi tatu, nimeshaliacha faili likisubiri.

Kama unataka matokeo tu, usijisumbue, redio inatosha. Kama una mtu nyumbani anayeuliza "tukipata kamoja je?", tengeneza. Ni bure, na ukishajua IF, ile ya masharti, na RANK, ile ya kupanga nafasi, umemaliza sehemu kubwa.

Juzi nikisafisha mafaili nimeikuta ile karatasi ya Majaribio. Nilipoitazama kwa utulivu nikaona jambo ambalo kibandani hakuna aliyeliona. Kwa goli letu lile la kuandika na lile la Ziyech, Kongo na Zambia zinalingana kila kitu: sare mbili, kipigo kimoja cha 1-0, magoli mawili ya kufunga, matatu ya kufungwa, na zenyewe zilitoka 1-1. Zote 19,902. RANK imezipa zote nafasi ya tatu, kwa hiyo wa nne hakuna. Kongo imeandikwa, Zambia imepotea, na chini kabisa kuna #N/A. Stars wako wa pili, pointi nne. Sijaifuta.