Fleti Dubai: ununue au upange? Njia nne, kuanzia ile ninayoipendekeza

Simu huwa ni ile ile. Kijana wa Mombasa au Tanga amepata kazi Dubai, amekaa miezi minane, ananipigia baada ya Isha: "Shikamoo mjomba. Hii kodi ninayomjazia mtu mfukoni, si bora ningelipia nyumba yangu mwenyewe?" Marahaba, namjibu, kisha namuuliza mkataba wake wa kazi umebakiza muda gani. Hapo simu huwa kimya kidogo.

Mtaa, riba, bwawa la kuogelea kwenye picha za dalali, yote hayo yanasubiri jibu la swali hilo. Dubai mgeni anaruhusiwa kununua. Mlango ulifunguliwa mwaka 2002, na Sheria Namba 7 ya mwaka 2006 ikaweka utaratibu wa kuandikisha hati. Lakini si kila mahali. Yako maeneo yaliyotengwa kwa umiliki huru wa wageni: Dubai Marina, Downtown, Business Bay, Jumeirah Village Circle (wenyewe huita JVC), Discovery Gardens, International City na mengine. Mitaa kongwe kama Naif na Karama, ambako wengi wetu ndiko tunakofikia, kwa sehemu kubwa imo nje ya orodha. Kwa hiyo kununua mara nyingi maana yake ni kuhama pia: kuacha duka la chini linalouza unga wa ugali na kituo cha metro cha kutembea kwa miguu, uende mahali ambapo bila gari utateseka.

Nimezipanga njia nne kwa mtu wa kawaida, mwenye mshahara na viza ya kazi. Tajiri wa kuja na begi la dola ana washauri wake.

Ya kwanza: kupanga kwa mkataba wa mwaka, kwa jina lako

Hii ndiyo chaguo langu kwa yeyote asiye na uhakika wa kukaa miaka mitano. Kodi ya Dubai hunukuliwa kwa mwaka na hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele. Mwenye nyumba akisema elfu 50, swali linalofuata ni "hundi ngapi?" Hundi moja, bei hushuka. Hundi nne au sita, bei hupanda kidogo. Unakaa kwenye meza ya dalali, unaandika moja ya Januari, moja ya Aprili, ya Julai, ya Oktoba, unatia sahihi zote siku moja na kumkabidhi. Mara ya kwanza mkono wangu ulitetemeka. Ni kama kumwachia mtu funguo za mshahara ambao bado hujaupata.

Juu ya kodi, tenga fedha za kuingilia. Tuchukue studio ya dirham 50,000 kwa mwaka, isiyo na samani. Dalali kwa kawaida huchukua asilimia 5, yaani 2,500. Amana ya mwenye nyumba ni asilimia 5 nyingine, na huwa 10 kama ina samani. Amana kwa DEWA, mamlaka ya umeme na maji ya Dubai, ni 2,000. Kisha kila mwezi bili ya DEWA itakuja na kipengele cha ada ya nyumba ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka iliyogawanywa kwa miezi 12. Wengi hukiona mwezi wa pili na kudhani wameibiwa umeme.

Mkataba lazima uandikishwe Ejari, rejista rasmi ya mikataba ya kupanga. Neno hilo maana yake ni pango langu, na asili yake ndiyo iliyotupa sisi neno ijara. Usikubali "tutaandikisha baadaye". Bila Ejari huunganishiwi umeme kwa jina lako, huwezi kuwaleta mke na watoto, na siku ya ugomvi huna pa kushika.

Ukiwa nayo, sheria inakulinda kuliko wengi wanavyojua. Mwenye nyumba akitaka kubadilisha kodi, lazima akuarifu siku 90 kabla ya mkataba kwisha. Tena hapandishi apendavyo: kwa amri ya mwaka 2013, kama kodi yako haijapungua zaidi ya asilimia 10 chini ya bei ya soko kwenye kipimo rasmi, haongezi hata dirham moja. Ikiwa chini kwa asilimia 11 hadi 20, nyongeza haizidi 5, na ngazi zinaendelea hivyo hadi ukomo wa 20. Akitaka kukutoa ili auze au akae mwenyewe, anatakiwa akupe notisi ya miezi 12 kupitia mthibitishaji wa serikali au kwa barua ya rejista. Ujumbe wa WhatsApp wa "ndugu, mwezi ujao natuma mafundi" hauna uzito huo. Nawajua watu waliofunga mizigo yao kwa ujumbe wa aina hiyo, wakahamia pango la juu zaidi, bure kabisa.

Jambo moja lililonigharimu ni ubaridi. Majengo mengi mapya hupozwa na mtambo wa pamoja wa eneo zima, na kampuni ya ubaridi hukutoza peke yake, mbali na umeme. Fleti yangu ya pili niliiona rahisi kuliko za jirani, nikajipongeza. Wiki ya pili nikaambiwa nilipe amana ya ubaridi, kisha ikaja bili yenye ada ya kila mwezi hata kwa siku ambazo sikuwasha. Dalali hakuwa amesema neno, nami sikuwa nimeuliza. Mwisho wa mwaka urahisi wote ulikuwa umeliwa. Siku hizi swali langu la kwanza nikifika mlangoni ni: ubaridi analipa nani?

Ya pili: kununua fleti iliyokwisha kujengwa

Hii ni nzuri, ila kwa mtu anayekaa. Tupige hesabu, kwa sababu matangazo hayapigi. Chukua studio ya dirham 700,000 ambayo ungeipanga kwa 50,000. Idara ya Ardhi ya Dubai inachukua asilimia 4 ya kuhamisha hati: 28,000, na 580 za karatasi. Dalali asilimia 2 na kodi ya ongezeko la thamani juu yake: 14,700. Ofisi inayosimamia uhamisho: 4,200. Hapo ni 47,480, na bado hujagusa mkopo.

Kwa nyumba ya kwanza isiyozidi dirham milioni 5, benki inaweza kumkopesha mgeni hadi asilimia 80, kwa muda usiozidi miaka 25. Kwa hiyo wewe unatoa 140,000 taslimu, benki inatoa 560,000. Kuandikisha rehani ni robo ya asilimia moja na 290, yaani 1,690. Weka kama 3,000 za mthamini, na ada ya benki kama asilimia 1 na kodi yake, 5,880. Jumla ya gharama za mlangoni: kama 58,000. Fedha hizo hazirudi, hazipunguzi deni, na tangu Februari 2025 benki haziruhusiwi kukuingizia ada za Idara ya Ardhi na za dalali ndani ya mkopo. Mfuko wako wa kuanzia unapaswa kuwa karibu 200,000, si 140,000.

Sasa mwaka kwa mwaka. Riba ikiwa asilimia 4.5, mwaka wa kwanza utalipa riba kama 25,000. Ada ya huduma ya jengo hutozwa kwa futi ya mraba: studio ya futi 450 kwa dirham 15 ni 6,750. Bima na matengenezo, sema 2,000. Unapata kama 34,000 dhidi ya kodi ya 50,000. Kununua kunakuokolea 16,000 kwa mwaka. Safi. Lakini uliingia kwa 58,000, na siku ya kuuza dalali atataka 14,700 nyingine. Gawanya: miaka minne na nusu ndipo mizani inasimama sawa, bei ikiwa palepale. Na zile 140,000 zako zingekuwa mahali zinazaa hata kidogo, mwaka wa tano unapita.

Bei kupanda inaweza kufupisha hesabu hiyo, na tangu 2021 imepanda kweli. Ila waliokuwepo wanakumbuka mwaka 2008 na 2009, bei zilipoanguka hadi nusu na zaidi katika baadhi ya majengo, na kuanzia 2014 mpaka 2020 zilikuwa zinateremka polepole kama mshumaa. Aliyenunua 2014 akapoteza kazi 2017 aliuza kwa hasara.

Vitu vitatu nisingevipita ukiamua kununua. Kwanza, omba kuona ada ya huduma ya miaka kadhaa iliyopita. Jengo lenye ukumbi wa mazoezi, bwawa na lifti sita linakula, hata wewe usipoogelea. Pili, uliza jengo lilifanya nini tarehe 16 Aprili 2024, siku ilipopiga mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949. Muulize mlinzi wa mlangoni, usimuulize dalali. Mlinzi atakwambia magari ya chini yalielea au la, na lifti zilikaa siku ngapi bila kufanya kazi. Tatu, mirathi. Muislamu akifa, fleti hugawanywa kwa mafungu ya sheria. Asiye Muislamu anaweza kuandikisha wasia wake kule kule, na afanye hivyo mapema. Familia iliyobaki Tanga, isiyojua hata namba ya hati, itahangaika.

Viza nayo huingia kwenye mazungumzo. Nyumba ya kuanzia dirham milioni 2 inaweza kukupa ukaazi wa dhahabu wa miaka 10. Studio yetu ya 700,000 haifiki huko, kwa hiyo kazi ikiisha unaweza kujikuta na nyumba katika nchi ambayo huna ruhusa ya kuishi. Unaweza kuipangisha, sawa, lakini sasa wewe ndiye mwenye nyumba wa mbali anayepigiwa simu bomba likipasuka.

Heri moja: dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997, na ukitaka kumaliza mkopo mapema, faini haizidi asilimia 1 ya deni lililobaki au dirham 10,000, ile iliyo ndogo.

Ya tatu: fleti yenye samani ya kulipia kwa mwezi

Ni ghali ukilinganisha na mkataba wa mwaka, na haina mengi ya kueleza. Kwa miezi miwili mitatu ya mwanzo inafaa sana: hujapata kitambulisho, hujafungua akaunti, huna kitabu cha hundi. Unaonja mtaa na kupima safari ya kazini saa moja asubuhi. Ukiona mwezi wa nne umeingia bado uko humo, unachoma fedha.

Ya nne: kununua kwenye ramani

Haya ndiyo matangazo yanayojaa kwenye simu: asilimia 1 kwa mwezi, anza na kidogo, nyumba miaka mitatu ijayo. Nimeiweka mwisho makusudi, ingawa najua itawaudhi mabinamu wawili.

Tuseme haki: si ule uholela wa zamani. Sheria ya mwaka 2007 inamtaka mwendelezaji aweke fedha za wanunuzi kwenye akaunti maalumu ya mradi, na mauzo yanaandikishwa kwenye rejista ya muda inayoitwa Oqood. Hakikisha vyote viwili kabla ya kutuma hata senti, na fedha iende kwenye akaunti ya mradi, kamwe isiende kwa dalali.

Shida yake ni nyingine. Huwezi kulala ndani ya ramani. Miaka yote mitatu unalipa kodi ya unakoishi na mafungu ya usikoishi, kwa mshahara ule ule. Asilimia 4 ya Idara ya Ardhi inatakiwa mwanzoni. Jengo likichelewa, kodi inaendelea. Ukishindwa njiani, mwendelezaji anaweza kubakiza hadi asilimia 40 ya thamani ya nyumba, kutegemea ujenzi umefika wapi. Na siku ya kukabidhiwa funguo fungu kubwa la mwisho linadaiwa, wakati benki inaweza kukuona huna sifa za mkopo.

Nje ya orodha kabisa ni chumba cha kizigeu, kile cha mbao laini kilichokatwa sebuleni, taa moja watu wanane. Najua wengi wetu tulianzia huko. Mwezi Juni 2025 manispaa iliingia Al Rigga, Satwa, Al Barsha na kwingine kuvisaka na kuviondoa.

Mpwa wangu mwenye simu ya baada ya Isha mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi 14. Alipanga studio International City kwa hundi nne. Reli mpya ya metro inatarajiwa kufika huko mwaka 2029, naye anasema akifika mwaka huo bado ana kazi, ndipo tutakaa tena na kalamu. Wiki iliyopita alikwenda kuangalia nyingine ya kuhamia, saa nane mchana, kama nilivyomwambia. Alivuta kabati la jikoni, akapiga picha ukungu mweusi ukutani, akanitumia bila neno lolote.