Ukihamishiwa Nairobi: shule za kimataifa kwa mpangilio wangu

Shule nzuri Nairobi ni nyingi. Nyumba iliyo karibu na shule uliyoichagua ndiyo adimu. Mzazi anayehamia kutoka Dar es Salaam au Lubumbashi, au Mkenya anayerudi na watoto kutoka Dubai, huoneshwa kwanza picha: bwawa la kuogelea, uwanja wa raga, ukumbi wa maigizo. Anachagua shule, anatafuta nyumba, na ndipo anagundua kwamba mtoto wa miaka sita atakuwa anapanda basi saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Mimi nazipanga shule hizi kwa maswali mawili: mkiondoka Nairobi mtoto ataendelea wapi, na asubuhi atafikaje darasani. Bwawa litakuja baadaye.

Anza na la kwanza. Watumishi wa Umoja wa Mataifa, wa balozi na wa mashirika ya misaada mara nyingi hukaa hapa miaka michache kisha wanahamishwa. Mtoto aliye darasa la tano leo huenda akamalizia sekondari Addis Ababa, Geneva, au akarudi Arusha. Mtaala anaouanza hapa ndio utakaoamua kama huko atapokewa moja kwa moja au atarudishwa darasa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna shida moja ya ziada. Tanzania mwaka wa shule huanza Januari, na shule za serikali za Kenya vilevile, lakini shule nyingi za kimataifa za Nairobi hufungua mwaka mpya Agosti au Septemba. Mtoto aliyemaliza darasa lake Desemba anaingia wenzake wakiwa katikati ya safari. Kuna shule itakayomsukuma mbele nusu mwaka na kuna itakayomrudisha nyuma nusu mwaka, na zote mbili zitakuambia ndivyo inavyofanywa kila mahali. Uliza mapema, na uliza kwa tarehe ya kuzaliwa badala ya jina la darasa, kwa sababu mwaka wa 6 wa Waingereza ni watoto wa umri uleule wa gredi ya 5 ya Wamarekani.

La pili ni barabara. Shule hizi zimejikusanya pande mbili. Kaskazini kuna Gigiri, Runda, Kitisuru na Parklands. Kusini-magharibi kuna Karen na Lang'ata. Lavington, Kileleshwa na Kilimani ziko katikati. Baba akifanya kazi Gigiri, mama Upper Hill, na mtoto asome Magadi Road kule Lang'ata, hiyo familia itakutana jioni tu, na wote wamechoka. Usiende kupima njia Agosti wala Desemba: shule nyingi zimefungwa, magari yanatiririka, na dalali atakuapia kwamba ni dakika ishirini. Pima siku ya kazi muhula ukiwa umeshika kasi, saa ileile ya basi. Kama usiku kulinyesha, bora zaidi. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imewaokoa wanaokaa Syokimau. Anayetoka Karen kwenda Gigiri haimpunguzii kitu.

Sasa mpangilio wenyewe.

1. IB, kwa familia itakayohama tena

IB ni International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa usio wa taifa lolote. Unafundishwa nchi nyingi, na shule za IB hupokeana wanafunzi bila maswali mengi. Nairobi majina mawili hutajwa kwanza. International School of Kenya, ISK, ilianzishwa 1976, iko Kitisuru, na inamilikiwa kwa pamoja na serikali za Marekani na Kanada. Wanafuata mtaala wa Amerika Kaskazini, na miaka miwili ya mwisho mwanafunzi anaweza kufanya diploma ya IB. Ni miongoni mwa shule ghali kuliko zote nchini. Mwajiri asipolipa, kaa chini na karatasi kabla ya kwenda kuitembelea, maana ukishaziona zile bustani moyo utaitangulia hesabu. Aga Khan Academy ya Parklands inafundisha IB tangu msingi hadi diploma, kwa karo iliyo ndogo sana kuliko ile ya ISK. Kwangu mimi ndiyo ya kwanza kutazamwa na familia ya kipato cha kati inayotaka IB.

Ila IB si ya kila mtoto, na hapa wauzaji wa shule hunyamaza. Diploma ina masomo sita, insha ndefu ya utafiti ya maneno 4,000, somo la nadharia ya maarifa, na shughuli za jamii na michezo. Alama za juu kabisa ni 45, na bila 24 hupati diploma. Mtoto anayeng'ara hesabu na fizikia lakini akisikia insha anaumwa tumbo atateseka miaka miwili. Huyo mpeleke namba mbili.

Jambo la Kiswahili: IB ina somo la Kiswahili kwa wanaokijua kiasi na kwa wanaoanza kabisa, na inaruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake ya nyumbani kwa kujitegemea chini ya usimamizi wa shule. Kuwepo kwenye vitabu vya IB hakumaanishi kuwepo kwenye ratiba ya shule yako. Omba uione ratiba. Nimeona ratiba ambamo Kiswahili kimewekwa saa ileile ya Kifaransa, kwa hiyo mtoto wa Tanga alikuwa anachagua kati ya lugha ya bibi yake na lugha ambayo mama yake aliamini itampa kazi.

2. Mtaala wa Uingereza, kwa wengi wetu

Hapa ndipo penye uchaguzi mpana kuliko kote, kwa bei na kwa mitaa. Mtoto hufanya mtihani wa IGCSE akiwa na miaka 16 hivi, kisha ule wa A-Level wa kuingilia chuo kikuu, masomo matatu au manne tu. Kwa familia ya Kitanzania au ya Kiganda inayotarajia kurudi nyumbani, ningeupandisha uwe wa kwanza: mabaraza ya mitihani, NECTA kule Tanzania na UNEB kule Uganda, hulinganisha vyeti hivi na vya kwao, na vyuo vikuu vimevizoea. Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, ina IGCSE ya Kiswahili pia.

Ukiishi upande wa Lang'ata na Karen, tazama Brookhouse iliyo Magadi Road, ambayo ina bweni na tawi jingine Runda, kisha Hillcrest. Ukiwa katikati ya mji, Braeburn ya Gitanga Road, Lavington. Ukiwa upande wa Thika Road, Braeburn ya Garden Estate ni yako, na mbele zaidi, Tatu City, kuna Crawford, shule ya kampuni ya Afrika Kusini iliyofunguliwa 2018. Banda ya Magadi Road, Kenton ya Kileleshwa na Peponi House ya Lower Kabete zina sifa ya muda mrefu kwa watoto wadogo, lakini zinaishia miaka 13 hivi. Mwenye mtoto wa miaka 11 ajue anatafuta shule mara mbili. Wanaomaliza Peponi House wengi huendelea Peponi School, nayo iko Ruiru.

Matokeo yasomwe kwa makini. Kila shule itakuonesha binti aliyepata A nne akaenda London. Wewe omba idadi ya waliofanya mtihani na mgawanyo wa alama zote, kisha uliza wangapi waliofanya IGCSE walibaki kufanya A-Level palepale. Darasa la 60 likibaki 20, hao 40 walikuwa na sababu. Uliza pia walimu wangapi wameondoka mwaka huu. Mwalimu mkuu akijibu kwa tabasamu na kubadilisha mada, andika.

Halafu neno "kimataifa" kwenye bango la getini halimgharimu mtu isipokuwa rangi. Ziko shule katika mitaa ya pembeni zenye bango hilo ambazo si kituo cha mtihani cha Cambridge wala cha Pearson, bodi nyingine ya Uingereza. Watoto hupelekwa kufanyia mtihani shule nyingine. Dai namba ya kituo na usajili wa Wizara ya Elimu. Shule iliyo safi haikasiriki.

3. Shule za taifa moja

Kwa familia ya Kikongo au ya Kirundi ambayo mtoto amesoma Kifaransa tangu mwanzo, hii ndiyo namba moja na usihangaike na mengine. Lycée Denis Diderot, upande wa Kilimani, inafuata mtaala wa Ufaransa, na imo katika mtandao uleule wa shule kama Lycée Blaise Pascal ya Lubumbashi na shule ya Kifaransa ya Bujumbura. Mtoto hupokewa katika darasa lilelile, na akihamishwa tena anapokewa vilevile. Kumhamishia mtoto wa miaka 14 kwenye Kiingereza ghafla kwa sababu majirani wote wako Braeburn ni kumwonea. Wajerumani wana yao Limuru Road, karibu na Village Market. Kama Kijerumani hakizungumzwi nyumbani, pita.

4. Mtaala wa Marekani wenye misingi ya Kikristo

Rosslyn Academy upande wa Gigiri, na West Nairobi School huko Karen. Zinafaa anayekwenda chuo Marekani na anayetaka Biblia iwe kwenye ratiba. Hilo la pili hawalifichi, kwa hiyo familia ya Kiislamu isije ikashangaa baadaye. Nimeziweka chini kwa sababu wengi wa wasomaji wangu hawaendi Marekani, si kwa sababu ya mafundisho.

5. Shule binafsi za mtaala wa Kenya

Kama hakuna mwajiri anayelipa, na watoto ni wa msingi, usiione haya hii njia. Karo ni sehemu ndogo ya zile za juu, Kiswahili ni lazima, na mtoto anapata marafiki wa mtaani. Ugumu uko sekondari. Kenya inabadilisha mfumo: kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia gredi ya 10 Januari 2026, na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mwisho ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 ni ya 2027. Anayejua ataondoka mtoto akiwa katikati ya sekondari asimwingize.

Karo, na yaliyo chini ya karo

Sekondari katika shule za juu za mtaala wa Uingereza hupita shilingi milioni mbili kwa mwaka, na hiyo ni karo peke yake. Omba karatasi nzima ya malipo. Humo utakuta ada ya maombi, ada ya kiingilio isiyorudishwa, amana inayorudishwa, mahali pengine mchango wa majengo, kisha chakula, basi kwa ukanda, sare, kompyuta, safari, na ada za mitihani ambazo hujitokeza mwaka wa IGCSE kana kwamba hakuna aliyejua zinakuja. Jumlisha mwaka wa kwanza kivyake, ndio unaoumiza.

Tazama pia sarafu. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Kwa karo ya dola 10,000, tofauti hiyo ni shilingi 300,000. Anayelipwa kwa shilingi asitie saini mkataba wa dola kwa kuangalia kiwango cha leo tu.

Watumishi wa Umoja wa Mataifa wenye haki ya ruzuku ya elimu wasome kanuni zake wenyewe: ruzuku hulipa sehemu, na kadiri karo inavyopanda ndivyo asilimia inayorudishwa inavyopungua. Mwenye mkataba wa kienyeji kwa kawaida hana haki hiyo, hata kama meza yake imepakana na ya mwenye nayo. Ajira nyingine ni maelewano, na wakati wa kuelewana ni kabla ya kusaini barua ya kazi. Waambie waandike "karo na ada zote zinazoambatana nayo", maana wakiandika karo tu watalipa karo tu.

Mtoto asiye Mkenya anahitaji pasi ya mwanafunzi ya Idara ya Uhamiaji. Shule iliyozoea wageni ina karani anayeshughulikia hilo, na ukimuuliza anakutajia karatasi zote bila kwenda kuuliza mtu. Shule isiyo na karani huyo itakuachia kazi yote.

Na kabla ya kutia saini, tafuta kifungu cha notisi. Shule nyingi zinadai notisi ya muhula mzima kwa maandishi, usipoitoa unalipa karo ya muhula ambao mtoto hatausoma, na kumwambia mwalimu getini haihesabiki. Barua ya uhamisho huja wakati wowote, kwa hiyo omba msamaha wa kifungu hicho kwa uhamisho wa kikazi uandikwe ndani ya mkataba. Wakikubali, weka nakala pamoja na stakabadhi ya amana. Vyote viwili utaviulizwa siku ya kuondoka.