Jembe la matuta la pawatila yangu: fundi wa Igoma alivyonitengenezea mara mbili

Pawatila yangu, yaani trekta dogo la magurudumu mawili la kusukumwa kwa mishikio, ni ya zamani. Kikundi chetu kiliipata mwaka 2010, enzi za Kilimo Kwanza, ile kampeni ya serikali ya kuinua kilimo, na kikundi kilipovunjika nikainunua ikiwa na injini, magurudumu na plau iliyoliwa na kutu. Injini ni ya dizeli, silinda moja, na mpaka leo ukizungusha hendeli mara mbili inawaka. Nilichokosa ni jembe la kuinulia matuta, na huku kwetu bila matuta huna viazi vitamu, na bila viazi huna michembe wala matobolwa, yaani viazi vya kukausha, vya kuvukia kiangazi. Mjini Mwanza majembe yanauzwa, ila yote niliyoyakuta tundu la pini halikuoana na mkia wa mashine yangu. Nikamfuata fundi wa kuchomelea wa Igoma, hapo hapo Mwanza.

Nilimpelekea vipimo kwenye karatasi mwezi wa tisa. Tukakubaliana shilingi 280,000, nusu mkononi. Baada ya siku nne nikaitwa kulichukua: mabawa mawili ya bati la milimita 4, nguzo ya chuma bapa, na ncha ya springi ya lori iliyochomelewa chini ya nguzo. Kwa macho lilipendeza kweli.

Halikufikisha nusu ekari. Ncha ilikatika, tena si kwenye mshono bali pembeni yake, upana wa kidole tu, na pale ilipokatika palikuwa na punjepunje zinazong'aa kama sukari. Nikakumbuka nilivyomwona akimaliza kuchomelea halafu anaimwagia maji ili aweze kuishika. Springi ni chuma kigumu. Ukiichomelea na kuipoza ghafla, pale karibu na mshono inakuwa kama kigae: jiwe moja tu linatosha kuivunja.

Nilirudi Igoma na hasira zangu. Fundi hakubisha. Alikigeuza kile kipande juani, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, hapa nimekosea mimi. Jumapili nije shambani niuone udongo wenyewe."

Na alikuja, kwa daladala mpaka Kisesa, kisha kwa miguu. Shamba langu juu ni luseni, kichanga chenye mawe. Chini ni mbuga, udongo mweusi unaonata ukishanyeshewa. Alitembea nyuma ya mashine mistari sita. Akapima kwa futi kutoka gurudumu hadi gurudumu, akapiga magoti kuangalia mkia unavuta kwa pembe gani. Kijana wangu aliyekuwa kwenye mishikio alimweleza jinsi pua ya mashine inavyonyanyuka jembe likizama. Saa mbili zile zilikuwa na faida kuliko karatasi yangu yote ya vipimo.

Jembe la pili ndilo ninalolitumia. Ncha bado ni springi, lakini safari hii haikuchomelewa kabisa. Aliipasha kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, akaifukia kwenye majivu usiku kucha ipoe taratibu, na asubuhi drili ikapita bila shida. Akatoboa matundu mawili, kisha akaipasha ile ncha yenyewe tu na kuizamisha kwenye oili chafu ili irudishe ugumu wake. Inafungwa kwa bolti za spana namba 24. Ikiisha nafungua, naweka nyingine, siendi kwa fundi.

Nguzo nayo ina bolti mbili. Ya mbele ndiyo mhimili; ya nyuma ni nyembamba makusudi. Jembe likigonga jiwe, ile nyembamba inakatika, jembe linalala nyuma, na mashine inabaki salama. Mpaka sasa nimekata bolti tatu, na kila moja ni kitu kidogo sana ukilinganisha na kupasua giaboksi ya mashine ambayo vipuri vyake navitafuta kwa tochi. Juu ya nguzo kuna matundu matatu ya kubadilishia pembe: la chini kwa luseni, la juu kwa mbuga.

Lakini kilichonifurahisha kuliko vyote ni mabawa. Mabawa ya bati zima kwenye mbuga yalikuwa yanabeba udongo kama mwiko unavyobeba ugali, tunasimama kila hatua kumi kukwangua. Safari hii aliyakata vipande virefu na kuacha nafasi katikati. Udongo unakosa pa kushika, unateleza. Kwa mbele aliongeza kikapu cha chuma, tunatia mawe ya kilo kama thelathini, na pua imetulia.

Kwa siku ya kazi ya saa tano tunainua matuta ya kama ekari moja. Kwa jembe la mkono kazi hiyo ilikuwa inamaliza wiki ya watu watatu.

Kwa jembe la pili hakuniongezea hata shilingi, nililipa springi tu. Ila nyota ya tano siitoi, kwa sababu ya magurudumu ya chuma aliyonitengenezea pia, ya kuingilia majarubani kwenye mpunga. Shafti ya pawatila yangu ina pembe sita. Yeye akaweka bomba la mviringo na bolti moja. Siku ya kwanza kwenye maji bomba likazunguka lenyewe, bolti ikakatika, mashine ikazama mpaka mkanda. Nilimwambia mapema atafute habu chakavu, vile vitovu vya gurudumu vinavyovaa shafti, azikate, hakunisikiliza. Sasa ameshazipata, ananifungia wiki ijayo.

Ukienda kwake, nenda na mashine yenyewe, au mlipie nauli aje shambani. Na ukimwona anashika ndoo ya maji karibu na springi, mzuie hapo hapo.