Zimwi la Chini ya Nyumba: Tathmini ya The Babadook
Nilipoitazama tena The Babadook, filamu ya mwaka 2014 iliyoongozwa na Jennifer Kent wa Australia, nilikuwa sebuleni kwa dada yangu mtaani Umoja, Nairobi, mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe, na ndipo nilipoelewa kwamba zimwi lile lenye kofia nyeusi halikutoka nje ya nyumba. Mume wa Amelia, mhusika mkuu wa filamu, alifariki katika ajali ya gari akimpeleka mkewe hospitalini kujifungua. Tangu hapo siku ya kuzaliwa kwa mtoto wao Samuel haijawahi kusherehekewa kwa tarehe yake, na vitu vya marehemu vimefungiwa katika chumba cha chini. Kwetu, matanga yakiisha jamaa hurudi makwao na mjane huambiwa ajikaze. Amelia amejikaza karibu miaka saba, na kile alichokinyamazia kimeota kucha.

Mayowe ya mtoto katika sehemu ya kwanza yamerefushwa kupita kiasi, nami sikuona haja yake.

Hata hivyo, karibu na mwisho Amelia anashuka ngazi akiwa na bakuli la minyoo iliyochimbwa bustanini, analilisha zimwi, kisha anapanda kwa mwanawe. Hajaliua. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sijaona picha inayoieleza methali hiyo vizuri zaidi. Dada yangu aliomba turudishe nyuma, tukalitazama bakuli lile mara ya pili bila kusema neno.