Manukuu ya kiotomatiki, au jinsi bukari ilivyogeuka sukari

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikitumia kipengele cha manukuu ya kiotomatiki, yaani maandishi ya usemi yanayoonekana chini ya video, kilichomo katika programu moja ya kuhariri video inayolipiwa kila mwezi, na ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Lubumbashi wanaorekodi kwa simu na kujiuliza kama fedha hiyo inafaa kutolewa. Programu yenyewe siitaji jina, kwa sababu mengi ya matatizo yake nimeyakuta pia katika nyingine mbili nilizozijaribu bure.

Kazi niliyoipa kwanza ilikuwa mahojiano ya dakika 12 na mama mmoja anayeuza mboga katika soko la Kenya (ninasema komuni yetu, si nchi). Kama ilivyo desturi ya hapa kwetu, tulisalimiana kwa Kifaransa, tukaulizana habari za familia, kisha tukaingia katika Kiswahili na hatukutoka tena. Programu iliandika mahojiano yote kwa Kifaransa: si tafsiri, bali maneno ya Kifaransa yaliyofanana kwa sauti na Kiswahili cha mama, yasiyo na maana yoyote. Nilidhani faili imeharibika, nikarudia mara mbili. Kumbe mitambo ya kutambua usemi, ukiiachia ichague lugha yenyewe, huweza kuamua kwa kusikiliza mwanzo tu wa rekodi. Mtambo wa Whisper wa kampuni ya OpenAI, kwa mfano, uliotolewa mwaka 2022, hukisia lugha kutokana na sekunde 30 za kwanza. Nilipozikata zile salamu zikawa klipu ya peke yake, na kuchagua Kiswahili mwenyewe katika mipangilio, maandishi yalisomeka.

Yalisomeka, ila hayakuwa maneno ya mama. Yeye alisema: "Batoto banakula bukari na lengalenga kila siku." Kwenye skrini ikaja: "Watoto wanakula sukari na lenga lenga kila siku." Kosa la sukari mtazamaji atalicheka na kulisamehe, kwa kuwa mtambo usiolijua neno bukari, yaani ugali, hushika neno lililo karibu nalo kwa sauti. Linalonikera ni lile la pili, ambalo mtu wa mbali hawezi hata kuliona: batoto wamekuwa watoto, banakula imekuwa wanakula, na sentensi imetoka sanifu kuliko ilivyotoka kinywani mwa mwenyewe. Hakuna aliyeomba mama asahihishwe. Programu ina orodha ya maneno ya ziada, na nilipoingiza humo bukari pamoja na majina ya mboga zetu, sombe, matembele na lengalenga, sukari ilitoweka karibu kabisa. Lakini kiambishi si neno, na kwa ba- orodha hiyo haikunisaidia chochote. Niliyarudisha yote kwa mkono, sentensi baada ya sentensi, na dakika zile 12 zikala dakika zangu 50.

Kisha kuna maneno ambayo hayakusemwa na mtu. Katika sehemu ambayo mama anaosha mboga kimya, huku muziki wa duka la jirani ukisikika kwa mbali, programu iliandika "Asanteni kwa kutazama", tena mara tatu. Nilizima sauti ya vipande vile visivyo na usemi kabla ya kubonyeza kitufe cha kutengeneza manukuu, nikairudisha baadaye, na shukrani hizo zikakoma. Tangu siku hiyo ninatumia kinasa sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, na sijui kwa nini sikukinunua mapema.

Tatizo la manukuu kuachana na midomo ndilo ninaloulizwa zaidi. Tazama kwanza yanachelewa vipi. Yakiwa nyuma kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, yasogeze yote kwa pamoja na kazi imekwisha. Yakianza vizuri na kuzidi kubaki nyuma, au kutangulia, kasi ya fremu, yaani idadi ya picha katika kila sekunde ya video, ndiyo ya kushukiwa: video ya fremu 29.97 kwa sekunde ikihesabiwa kuwa ya 30, tofauti hufikia sekunde 3.6 kwa saa. Simu nyingi, tena, hubadilisha kasi hiyo zenyewe wakati wa kurekodi, hasa mwanga unapopungua, na hapo pengo halina mpangilio wowote. Mimi huipitisha kwanza video katika HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, nikiilazimisha kuwa na kasi isiyobadilika, ndipo ninapoanza kuhariri.

Kwa haki, mahojiano na mwalimu mmoja aliyezungumza Kiswahili sanifu yalitoka na makosa manne tu katika dakika tisa, na mtu ambaye kazi zake zote ziko hivyo alipe bila wasiwasi. Mimi pia nimelipa tena mwezi huu, lakini kwa ajili ya nyakati tu: programu hujua vizuri sentensi inaanzia wapi na kuishia wapi, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikinikesha. Ninatoa faili ya SRT, ambayo ni maandishi matupu yenye namba, saa na maneno ya kila nukuu, ninaacha namba na saa zilivyo, ninafuta maneno yake na kuandika yaliyosemwa. Nakala niliyompelekea mama ina batoto wake, na bukari.