Kipimo cha kusumakika kwa miamba: miezi minane juu ya lava ya Goma

Kipimo hiki cha mkononi, chombo kinachoonyesha kusumakika, yaani kiasi ambacho jiwe hupata usumaku likiwekwa karibu na sumaku, nimekitumia kwa miezi minane hapa Goma, na makosa mengi niliyoyakuta yalitokana na jiwe lenyewe au na mkono ulioshika chombo.

Ndani ya chombo mna koili, yaani waya uliozungushwa, inayotoa uga (eneo la nguvu) dhaifu wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Jiwe lenye magnetiti, madini ya chuma yenye usumaku mkubwa, hubadilisha kidogo kasi ya mtetemo wa umeme katika koili, na tofauti kati ya mtetemo huo na ule wa hewani ndiyo hugeuzwa kuwa namba. Kwa hiyo hupimwa hewa, kisha jiwe, kisha hewa tena. Siku ya kwanza nilipima hewa karibu na ukuta wa uani, ambao umejengwa kwa mawe ya lava kama kuta nyingi za mji huu, na kila jiwe nililolipima baadaye likaonekana dhaifu kuliko lilivyo. Sasa, nikipima hewa, hukiinua chombo juu ya kichwa, nyundo na simu vikiwa mbali.

Uso wa jiwe ndio uliostahili maelezo marefu katika kitabu cha maelekezo, lakini umetajwa kwa mstari mmoja tu. Sehemu kubwa ya namba hutoka katika sentimita mbili za kwanza mbele ya koili, hivyo pengo la milimita chache tayari hupunguza mengi. Nilichukua kipande cha lava ya volkano ya Nyiragongo ya Mei 2021, chenye matundu kama dodoki: upande wake wa asili ulitoa 11.2 × 10⁻³ katika SI, mfumo wa vipimo wa kimataifa. Nilimwomba fundi wa vigae akikate kwa msumeno wake, na uso uliokatwa ukatoa 15.8, nilipourudia mara tano bila namba kuachana hata kwa 0.2. Chombo chenyewe basi ni thabiti, na hilo naliamini kabisa. Lakini usahihi ulioandikwa kwenye boksi ni wa uso bapa na laini, na muuzaji hakunieleza hivyo nilipolipa.

Jua pia lina lake. Chombo kikiachwa juu ya lava nyeusi saa saba mchana, sifuri yake huhama, na vipimo viwili vya hewa hurekebisha tu uhamaji wa kasi isiyobadilika kati yake. Hukiweka kivulini robo saa kwanza.

Kwa kwatzi, ambayo husukumwa kidogo na sumaku na kutoa namba hasi ya takriban 0.015 × 10⁻³, tarakimu ya mwisho huyumba mno. Sampuli za namna hiyo nazipeleka maabara. Na anayelinganisha na daftari za zamani za CGS, mfumo wa sentimita, gramu na sekunde, azidishe namba za daftari hizo kwa 12.57 kabla ya kukilaumu chombo.