Mapitio ya Uongozi wa Manchester United: Bili Humfikia Asiyeagiza

Shabiki wa Manchester United ni mteja wa aina ya pekee, kwa sababu hulipia tiketi, jezi na matangazo ya televisheni bila kuwa na njia ya kuhamia kwa mshindani pale huduma inapokuwa mbovu. Wamiliki wanalijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana nimeona inafaa umiliki na uongozi wa klabu hii upimwe kama inavyopimwa huduma nyingine yoyote inayolipiwa, kuanzia mwaka 2005 hadi mwisho wa msimu wa 2024/25. Katika msimu huo timu ilimaliza Ligi Kuu ya Uingereza ikiwa nafasi ya 15 kwa pointi 42, baada ya kupoteza michezo 18 kati ya 38, kisha ikafungwa 1-0 na Tottenham huko Bilbao katika fainali ya Ligi ya Europa na hivyo kukosa kabisa nafasi ya kucheza Ulaya. Katika mwaka huohuo wa hesabu klabu iliingiza pauni milioni 666.5, mapato makubwa kuliko yote katika historia yake. Asomaye takwimu hizo mbili kwa pamoja hawezi tena kusema kwamba tatizo la klabu hii ni umaskini.

Tatizo, kwa tathmini yangu, ni kwamba kosa linalofanywa na walio juu hulipiwa na walio chini, na utaratibu huo haukuanza na vipigo vya karibuni. Ulianza siku klabu iliponunuliwa.

Malcolm Glazer, mfanyabiashara wa Marekani aliyekuwa tayari anamiliki timu ya soka la Kimarekani ya Tampa Bay Buccaneers, alikamilisha ununuzi huo mwaka 2005 kwa thamani ya takriban pauni milioni 790. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa, na mzigo wa mikopo ukatwishwa klabu ambayo hadi wakati huo haikuwa na deni la maana. Ni sawa na mtu kununua ng'ombe kwa mkopo, akalipa mkopo kwa maziwa ya ng'ombe yuleyule, kisha akashangaa kwa nini ndama amekonda. Tangu hapo riba, gharama za mikopo na gawio vimekuwa vikitoka kila mwaka katika mapato ambayo mashabiki ndio chanzo chake, na makadirio ambayo vyombo vya habari vya Uingereza vimeyachapisha mara kwa mara yanaonyesha kuwa jumla yake imevuka pauni bilioni moja. Klabu ilipoingia katika soko la hisa la New York mwezi Agosti 2012, kwa bei ya dola 14 kwa hisa, nusu ya hisa zilizouzwa zilikuwa za familia ya Glazer, kwa hiyo nusu ya fedha iliingia katika mifuko yao badala ya kupunguza deni walilolileta wenyewe.

Watetezi wa familia hiyo hujibu kwamba chini yao klabu ilitwaa ubingwa wa ligi mara tano, kuanzia 2007 hadi 2013, pamoja na Ligi ya Mabingwa mwaka 2008. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inawapa wamiliki sifa isiyo yao. Katika miaka hiyo kocha Sir Alex Ferguson ndiye aliyeamua nani asajiliwe na nani aondoke, na David Gill, mtendaji mkuu wa klabu, ndiye aliyetafuta njia ya kuyatekeleza maamuzi hayo. Mwaka 2013 wote wawili waliondoka kwa pamoja, na kuruhusu jambo hilo litokee lilikuwa kosa la kwanza kubwa la kiuongozi ambalo Ferguson hakuwepo tena kulifunika. Nafasi ya Gill ilichukuliwa na Ed Woodward, aliyekuwa mfanyakazi wa benki ya JP Morgan na mshauri wa familia hiyo wakati wa ununuzi wa klabu. Kwa mikataba ya wadhamini alikuwa hodari, wala sioni sababu ya kumnyima sifa hiyo. Ila kukabidhiwa usajili wa wachezaji mtu ambaye ujuzi wake ni wa mikopo ni jambo ambalo bodi ya kampuni yoyote makini ingelihoji.

Usajili ndipo mahali pa kukaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo mashabiki wengi, wakiwemo rafiki zangu, hukosea shabaha. Wanasema wamiliki hawatoi fedha. Fedha zimetoka, tena nyingi: Ángel Di María kwa karibu pauni milioni 60 mwaka 2014, akauzwa baada ya msimu mmoja, Paul Pogba kwa pauni milioni 89 mwaka 2016, akaondoka bure mwaka 2022, Harry Maguire kwa pauni milioni 80 mwaka 2019, Antony kwa zaidi ya pauni milioni 80 mwaka 2022. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuuliza kila mchezaji anakuja kucheza katika mfumo gani na atabaki na faida gani kocha wa sasa akiondoka. David Moyes, Louis van Gaal, José Mourinho, Ole Gunnar Solskjær, Erik ten Hag na Ruben Amorim hawafanani hata kidogo katika namna wanavyotaka mpira uchezwe, na kila mmoja alirithi wachezaji walionunuliwa kwa ajili ya mtangulizi wake. Klabu ilimteua mkurugenzi wake wa kwanza wa soka, John Murtough, Machi 2021, yaani karibu miaka minane baada ya Ferguson kustaafu, na hata baada ya uteuzi huo Antony alinunuliwa kutoka Ajax kwa sababu kocha mpya, Ten Hag, aliwahi kumfundisha huko. Mwaka 2025 aliuzwa Real Betis kwa ada isiyofika theluthi ya ile iliyolipwa.

Hasara ya namna hiyo haiishii katika vitabu vya hesabu. Katika miaka hiyo kanuni za faida na uendelevu za Ligi Kuu hazikuruhusu klabu kupata hasara inayozidi pauni milioni 105 kwa misimu mitatu, na kwa mujibu wa uhasibu wa soka, mchezaji aliyelelewa katika akademi ya klabu akiuzwa, ada yake yote huandikwa kuwa faida. Kwa hiyo klabu iliyochoma fedha kwa wachezaji wa bei ghali hulazimika kuwaangalia vijana wake kama akiba ya kuvunja wakati wa dhiki. Scott McTominay, aliyekuwa ndani ya klabu tangu utotoni, aliuzwa kwa Napoli mwezi Agosti 2024 kwa takriban pauni milioni 25. Msimu huohuo alitwaa ubingwa wa Italia na kutangazwa mchezaji bora wa Serie A, wakati timu iliyomuuza ikihangaika kufunga mabao 44 katika ligi nzima. Sisemi kwamba angekuwa mchezaji yuleyule angebaki. Mazingira hujenga mchezaji. Nasema kwamba aliyesaini hundi ya Antony hakuwa yeye, lakini yeye ni miongoni mwa waliouzwa ili hesabu zikae sawa.

Mwezi Februari 2024 Sir Jim Ratcliffe alinunua zaidi ya robo ya hisa, na kampuni yake ya INEOS ikapewa usimamizi wa masuala ya soka. Nilitarajia kwamba hatimaye angepatikana mtu wa kuwajibika. Kilichofuata kilikuwa na sura mpya na tabia ileile. Katika majira ya joto ya 2024 uongozi ulimtafakari Ten Hag hadharani kwa majuma kadhaa, ukazungumza na makocha wengine, kisha ukamwongezea mkataba na kumgharimia usajili, na tarehe 28 Oktoba ukamfukuza. Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo ambaye klabu ilimsubiri kwa miezi kadhaa na kuilipa Newcastle fidia ili kumpata, alianza kazi Julai na kuondoka Desemba mwaka huohuo. Kuondoka kwa Ten Hag na wasaidizi wake pamoja na Ashworth kuligharimu pauni milioni 14.5, kwa mujibu wa hesabu za klabu yenyewe, mbali na fidia iliyolipwa Sporting ya Lisbon ili Amorim aje katikati ya msimu.

Sasa tazama nani alilipa. Wafanyakazi wapatao 250 walipoteza ajira mwaka 2024, na mapema mwaka 2025 klabu ikatangaza kwamba hadi wengine 200 wangefuata. Waliobaki waliondolewa chakula cha mchana cha bure. Tiketi za wanachama kwa michezo ya ligi iliyokuwa imesalia zilipandishwa hadi pauni 66, bila punguzo kwa watoto wala wazee, wakati msimu ulikuwa umeshaanza na familia zilikuwa zimeshapanga bajeti zao. Timu ya wanawake, iliyotoka kutwaa Kombe la FA Mei 2024 kwa kuifunga Tottenham 4-0 kwenye uwanja wa Wembley, ilihamishiwa katika vyumba vya muda pale Carrington, kituo cha mazoezi cha klabu, ili jengo lake litumiwe na wanaume wakati wa ukarabati. Tukumbuke kwamba ni klabu hiihii iliyovunja timu yake ya wanawake mwaka 2005 na kuirudisha mwaka 2018 tu.

Haki inanitaka niseme kwamba ubanaji wa matumizi wenyewe haukuwa upuuzi. Klabu ilipata hasara ya pauni milioni 113.2 katika mwaka wa hesabu wa 2023/24, na Ratcliffe alieleza Machi 2025 kwamba bila hatua hizo fedha taslimu zingekwisha kabla ya mwaka kumalizika. Ukarabati wa Carrington, uliogharimu pauni milioni 50, ulikuwa umecheleweshwa kwa miaka mingi na sasa umefanyika. Kumpata Omar Berrada kutoka Manchester City awe mtendaji mkuu ni uteuzi wa kitaalamu. Hata usajili wa Matheus Cunha na Bryan Mbeumo mwaka 2025, wachezaji waliokwisha kuithibitisha kazi yao katika ligi ileile, ulikuwa na mantiki ambayo haikuonekana kwa muda mrefu. Ninachokataa ni mizani: kosa la mamilioni kwenye ofisi za juu huitwa funzo, wakati sahani ya chakula ya mfanyakazi huitwa ubadhirifu.

Kwa upande wa mawasiliano, Ratcliffe anawazidi watangulizi wake kwa mbali, ingawa kipimo chenyewe kiko chini sana. Joel Glazer, mtoto wa Malcolm, alikutana na jukwaa la mashabiki kwa mara ya kwanza Juni 2021, miaka 16 baada ya ununuzi, tena baada ya mradi wa Super League ya Ulaya, ligi ya kujitenga ya klabu tajiri, kuporomoka ndani ya siku mbili na mashabiki kuvamia uwanja wa klabu wa Old Trafford tarehe 2 Mei hadi mchezo dhidi ya Liverpool ukaahirishwa. Ratcliffe huhojiwa na hujibu. Hata hivyo amewahi kuwataja wachezaji kwa majina mbele ya kamera akilalamikia fedha ambazo klabu bado ilikuwa ikizilipa kwa ajili yao, jambo ambalo halimsaidii kocha anayepaswa kuwapanga mwishoni mwa wiki, wala mwuzaji anayetaka bei nzuri sokoni.

Muundo wa hisa ndio unaofanya uwajibikaji uwe mgumu zaidi. Hisa za daraja B hubeba kura kumi kila moja, na kwa njia hiyo familia ya Glazer imebaki na sauti ya mwisho huku aliye na chini ya theluthi ya hisa akiendesha soka. Timu ikifungwa, familia iko Marekani kimya. Deni likiulizwa, INEOS hujibu kwamba hawakulileta wao. Nchini Ujerumani kanuni ya 50+1 huwaachia wanachama kura nyingi katika klabu zilizo nyingi, na ingawa kanuni hiyo haizuii usajili mbovu, inampa shabiki mahali pa kupeleka swali lake.

Swali la haraka zaidi kwa sasa ni la uwanja. Old Trafford ulifunguliwa mwaka 1910, upanuzi wake mkubwa wa mwisho ulikamilika mwaka 2006, na mwezi Mei 2024, baada ya mchezo dhidi ya Arsenal, dunia nzima iliona maji yakimwagika kutoka paani kama maporomoko. Machi 2025 klabu ilitangaza nia ya kujenga uwanja mpya wa watu 100,000 kwa makadirio ya pauni bilioni 2, picha zikaonyeshwa, na zilikuwa za kuvutia kweli. Chanzo cha fedha hakikuelezwa.

Alama yangu kwa umiliki na uongozi huu ni tatu kati ya kumi, na mbili kati ya hizo ni za Carrington na Berrada. Ningeongeza mara moja iwapo kabla ya ujenzi kuanza klabu ingetangaza kwa maandishi mambo matatu: deni la uwanja litaandikwa kwa jina la nani, riba yake italipwa kutoka fungu gani, na bei ya tiketi ya mtoto itakuwa kiasi gani siku milango itakapofunguliwa.